Oili ya pikipiki haiingii kwenye mashine yangu ya boti

Mtu akiniuliza atumie oili gani, namuuliza kwanza: mashine yako ni tustroki au fostroki? Yangu ni tustroki, oili inachanganywa na petroli, na kwenye kidumu natafuta alama ya TC-W3, yaani oili ya mashine za boti za tustroki. Ya pikipiki siiweki, hata iwe nzuri vipi. Mara nyingi ina viungo vinavyoacha majivu, nayo huganda kwenye plagi na juu ya pistoni. Nachanganya 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli, kama kitabu cha mashine kinavyosema. Wapo wanaozidisha eti kwa usalama. Wanaambulia moshi na plagi chafu.

Fostroki, ambayo oili yake haichanganywi na petroli, alama yake ni FC-W, na uzito wa oili mara nyingi ni 10W-30. Hiyo chomoa kijiti cha kupimia oili uangalie kabla ya kuondoka: oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, usiwashe.