Miguu isiyotulia usiku: ninavyosaka kinachoichochea

Kabla ya kusaka vichochezi, hakikisha ugonjwa wenyewe ndio huo. Miguu isiyotulia haina kipimo cha damu wala picha ya kuithibitisha. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa. Lazima mambo matano yakutane: hamu isiyozuilika ya kusogeza miguu, ambayo mara nyingi huja na hisia mbaya ndani ya mguu, hamu hiyo ianze au izidi ukiwa umekaa au umelala, ipungue ukitembea au kujinyoosha, angalau kwa muda ule unaotembea, iwe kali jioni na usiku kuliko asubuhi, na isiwe inatokana na tatizo jingine. Hilo la tano ndilo watu huliruka. Msuli unaokaza ghafla kwenye shavu la mguu huuma na kuwa mgumu kuushika, nao huachia ukinyooshwa. Mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari huunguza nyayo hata mchana, na kutembea hakuleti nafuu ya maana. Kutotulia kunakoletwa na dawa za magonjwa ya akili hushika mwili mzima na hakujali saa.

Daftari langu lina safu chache. Ya kwanza ni saa dalili zilipoanza, maana saa haidanganyi kama ukali unavyodanganya: aliyelala vibaya atasema usiku wote ulikuwa mbaya. Dalili zilizokuwa zikianza saa mbili usiku zikihamia saa nne, hiyo ni nafuu hata kama usingizi bado haujanyooka. Zikisogea kuelekea alasiri, kuna kitu kimeingia. Safu nyingine ni saa ya kinywaji cha mwisho chenye kafeini, pombe, dawa yoyote iliyomezwa (hata ya mafua), mazoezi na saa yake, muda mrefu wa kukaa, na saa za usingizi wa usiku uliotangulia. Mwanamke aongeze siku za hedhi.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati, ulipe wiki mbili, kisha ulirudishe uone kama dalili zinarudi. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, kwa hiyo usiku mitatu mizuri baada ya kuacha kahawa si ushahidi. Anayeacha kahawa, akaanza vidonge vya chuma na kubadilisha saa ya mazoezi wiki moja hatajua kamwe kilichomsaidia.

Maabara za usingizi zina jaribio ambalo nalipenda kwa sababu linafanyika nyumbani bila kifaa. Saa moja na nusu kabla ya kulala, kaa kitandani, mgongo umeegemea kwa nyuzi 45 hivi, miguu imenyooshwa, macho wazi, bila simu wala redio. Usisogeze miguu. Kila baada ya dakika 10 andika kero kwa namba kutoka 0 hadi 10. Maabara huenda dakika 60. Nyumbani 30 zinatosha kulinganisha wiki na wiki. Simu inaharibu jaribio, kwani akili iliyozama kwenye jambo huzima dalili. Hilo lenyewe ni taarifa ya kutumia: fumbo gumu la maneno au mchezo wa bao huvusha jioni ambayo televisheni haiwezi kuivusha.

Nianze na kabati la dawa, kwa sababu huko ndiko faida kubwa hupatikana kwa gharama ndogo. Majina nayaandika kama yalivyo kwenye pakiti ili uyalinganishe. Kundi la kwanza ni dawa kongwe za mzio zinazoingia kwenye ubongo: diphenhydramine, chlorpheniramine, promethazine, doxylamine. Ubaya wake ni kwamba zimejificha ndani ya dawa za mafua, za kikohozi na vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila cheti. Mtu anakosa usingizi kwa ajili ya miguu, anameza kidonge cha usingizi, miguu inazidi, anaongeza cha pili. Kwa mzio wa kawaida, loratadine na fexofenadine haziingii sana kwenye ubongo, na hizo ndizo ninazoziona salama zaidi kwa miguu.

Kundi la pili ni dawa za kichefuchefu zinazozuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili: metoclopramide na prochlorperazine. Ondansetron haifanyi kazi kwa njia hiyo. La tatu ni dawa za sonona: fluoxetine, sertraline, venlafaxine, amitriptyline, na hasa mirtazapine. Bupropion kwa kawaida haichochei. Amitriptyline inaudhi kipekee, maana huandikwa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa usingizi, yaani kwa watu wale wale wanaolalamikia miguu. Dawa hizi haziachwi ghafla; mpelekee daktari daftari lenye tarehe ya kuanza dawa na tarehe dalili zilipozidi, kisha mjadili kupunguza polepole au kubadilisha. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol nazo huchochea, na kwazo tahadhari ni kubwa zaidi.

Baada ya dawa, chuma. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza dopamini, na unaweza kupungukiwa hata damu ikiwa inatosha. Ndiyo maana hemoglobini nzuri haimalizi swali. Hemoglobini hushuka mwishoni, akiba ikishakwisha. Kipimo kinachotakiwa ni ferritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, pamoja na asilimia ya transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, iliyobeba chuma. Maabara nyingi huita ferritini ya 30 kuwa ya kawaida. Kwa miguu isiyotulia ya mtu mzima, miongozo ya sasa inataka chuma kiongezwe ikiwa ferritini ni mikrogramu 75 kwa lita au chini yake, au transferini iko chini ya asilimia 20. Kwa hiyo omba namba yenyewe, usikubali jibu la "iko sawa".

Damu itolewe asubuhi kabla ya kula, na vidonge vya chuma visimamishwe angalau siku moja kabla. Usipime ukiwa na homa au maambukizi, kwani uvimbe wowote mwilini huinua ferritini na kuficha upungufu. Wanaopungukiwa zaidi ni wenye hedhi nzito, wajawazito, wanaochangia damu mara kwa mara na wenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kidogo kidogo. Upungufu kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi unahitaji kutafutiwa chanzo. Kuujaza tu hakutoshi.

Kipimo cha kawaida cha kumeza ni miligramu 65 za chuma halisi. Soma pakiti vizuri: kidonge cha ferrous sulfate kilichoandikwa miligramu 325, au 200 kikiwa cha aina iliyokaushwa, hutoa hizo 65. Kimeze tumbo likiwa tupu pamoja na vitamini C miligramu 100 hadi 200. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu huzuia kufyonzwa kwake, kwa hiyo viachanishwe nacho kwa muda wa saa mbili. Dawa ya tezi ya levothyroxine iachanishwe kwa saa nne. Kumeza siku moja na kuruka moja hufanya kazi vizuri kwa wengi: dozi moja huamsha homoni ya hepsidini, inayozuia utumbo kufyonza chuma kwa takriban saa 24, hivyo dozi ya kesho yake hupotea kwa sehemu kubwa na kuacha tumbo limefunga. Choo cheusi ni kawaida. Pima tena baada ya miezi mitatu. Miguu haitatulia wiki ya kwanza, na wengi hukata tamaa hapo. Tumbo likikataa, au ferritini isipopanda, chuma cha kuingizwa kwenye mshipa hospitalini ndiyo njia inayofuata. Usianze chuma bila kupima, kwani aliyejaliwa akiba ya kupita kiasi huharibika ini, na vidonge vifungiwe mbali na watoto: kwao dozi kubwa inaua.

Vichochezi vya maisha ya kila siku vina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa kimoja: kukosa usingizi kwenyewe. Usiku mbaya huzaa mwingine. Kafeini hubaki nusu yake mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kipo nusu saa tatu usiku. Ipunguze kidogo kidogo ndani ya wiki moja au mbili, la sivyo maumivu ya kichwa yatavuruga usingizi na daftari pamoja. Pombe ya jioni na sigara vijaribiwe vilevile. Mazoezi ya wastani husaidia. Mazoezi makali usiku huchochea. Anayekoroma na kukatika pumzi apimwe, kwani tatizo hilo likitibiwa miguu nayo hupungua.

Dalili zikianza, simama mapema. Anayevumilia kitandani nusu saa huhitaji kutembea muda mrefu zaidi. Nyoosha shavu la mguu ukutani kwa sekunde 30 kila upande, mara tatu, kisha maji ya moto au ya baridi kuanzia gotini kushuka. Ni ipi kati ya hizo, mwili wako ndio utakaochagua. Safari ndefu ipange asubuhi, na chagua kiti cha kando ya njia. Kwinini usiiguse kwa ajili ya miguu: inaweza kushusha chembe za kugandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Yote hayo yasipotosha, dawa ya kila siku huwa lazima kwa wenye dalili kali. Sasa hivi gabapentin na pregabalin hutangulizwa. Huleta kizunguzungu na kusinzia, hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu, na hazichanganywi na pombe. Pramipexole na ropinirole, zinazoiga dopamini, huleta nafuu ya ajabu usiku wa kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo. Miezi au miaka baadaye dalili huanza mapema zaidi mchana, huja haraka ukikaa, huhamia mikononi. Dozi ikiongezwa, nafuu hurudi kwa muda kisha hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Safu ya saa daftarini ndiyo inayoligundua hilo mapema. Dawa hizo pia huweza kuamsha kamari au ununuzi usiozuilika, jambo ambalo familia huliona kabla ya mgonjwa. Zisikatwe ghafla, kupunguza hufanywa taratibu na daktari anayejua anachofanya.

Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtoa nusu kaputi mapema, kwa maandishi: una miguu isiyotulia, usipewe metoclopramide, promethazine wala droperidol, na dawa yako ya usiku irudishwe mara utakapoweza kumeza. Damu iliyopotea hushusha akiba ya chuma, kwa hiyo ferritini ipimwe tena wiki kadhaa baadaye, kidonda kikishapona.