Mzio wa rangi ya upasuaji: nilivyopigania jina lake liandikwe

Saratani ya titi langu iligundulika mapema, kwa hiyo daktari hakutaka kuondoa tezi zote za kwapani. Angenichoma rangi ya bluu kwenye titi, ipite kwenye mirija ya limfu, na tezi ya kwanza itakayoipokea ndiyo ipelekwe maabara kuangaliwa kama saratani imefika huko. Nikaulizwa kama nina aleji ya dawa yoyote. Sikuwa nayo.

Nilizindukia ICU. Presha ilikuwa imeporomoka nikiwa mezani, mwili ukavimba mabaka ya bluu. Mdogo wangu alipofunua shuka alidhani nimepigwa. Hata mkojo ulikuwa kijani, ingawa huo, nesi alinituliza, humpata yeyote anayechomwa rangi hiyo. Watu wa usingizi ndio walioniokoa, kwa adrenalini na dripu. Kile kidude cha kidoleni hakikuwasaidia sana, maana rangi ikiwa kwenye damu hukidanganya, kinaonyesha oksijeni iko chini kuliko ilivyo.

Siku ya kuruhusiwa, karatasi ilisema tu: "alipata mzio wakati wa upasuaji." Mzio wa nini sasa? Pale mezani mtu anaingiziwa dawa ya usingizi, ya kulegeza misuli, ya maumivu, antibayotiki, na rangi juu yake. Nyumbani ni Tukuyu, na hospitali ile ya rufaa iko mbali. Nikihitaji kupasuliwa tena Mbeya, daktari aanzie wapi? Tukaketi kwenye benchi na mdogo wangu mpaka daktari wa usingizi akatoka.

"Mama, bado hujaondoka?"

"Naondoka na jina la kilichoniangusha, daktari."

Alicheka, lakini akaandika: kila dawa niliyopewa, saa iliyoingia, saa presha iliposhuka. Ndipo ikaonekana kwamba antibayotiki iliingia mapema bila shida, na balaa lilianza kama robo saa baada ya rangi. Alikuwa pia amechukua damu ya kupima triptasi, ambayo hupanda mtu akipata mzio mkali. Akanipangia kipimo cha ngozi baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu kikifanywa mapema mno kinaweza kudanganya.

Kilipofanyika, palipowekwa rangi ndipo palipovimba: Patent Blue V. Ndugu yake, isosulfan blue, nayo nimekatazwa. Methilini bluu ni ya ukoo mwingine, ila nisichomwe bila kupimwa kwanza. Tezi zinaweza kutafutwa kwa dawa ya mionzi badala ya rangi.

Jina hilo nimelibandika juu ya daftari la kliniki, na picha ya barua iko kwenye simu yangu na ya mdogo wangu. Majuzi nilikwenda kung'oa jino Mbeya, nesi akauliza habari za aleji. Nikampa daftari.

"Hii ni dawa ya nini, mama?"

Nikamweleza, akamwita daktari, nikaeleza tena. Halafu nesi akanakili herufi moja moja kwenye faili langu, kwa wino mwekundu, mbele yangu.