Kibo kwa Fedha za Karafuu

Kuna sentensi moja ya Mama ambayo tangu Jumapili imekataa kunitoka, nami naandika usiku huu kwa sababu nimeshindwa kulala nayo. Tulikuwa barazani, pakacha la karafuu mbichi liko katikati yetu, tunachambua, na mimi nikawa namsomea hesabu za safari yetu ya Januari ya kwenda kuutazama mlima Kilimanjaro, kuanzia nauli ya boti mpaka chai ya njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kulala huko ni kiasi gani kwa usiku, nikamwambia elfu thelathini, chumba cha vitanda viwili. Akaendelea kutenga makonyo yake kama kwamba sikusema kitu, kisha, bila ya kuinua uso, akasema, "Basi nenda wewe, mwanangu, ukanitazamie."

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo makubwa kuliko hilo, kwani dada amejifungua salama mtoto wa kike Chake Chake, na wakaguzi wamekuja skuli na wameondoka. Lakini hata nilipokuwa nimempakata yule mtoto, niliisikia sauti ya Mama ya Jumapili, nikawa naipima kama ilikuwa na uchungu ndani yake au ilikuwa ni kukubali tu.

Waliosoma maandiko yangu ya nyuma wanakumbuka kwamba hamu ya mlima huu haikuanza na mimi. Ni ya Mama, tangu alipokuwa mwanafunzi hapa Wete, siku mwalimu wa jiografia alipochora ubaoni mstari wa ikweta, akaonesha kwamba Pemba iko kiasi cha nyuzi 5 kusini yake na Kilimanjaro kiasi cha nyuzi 3, kisha akawauliza imekuwaje theluji ikakaa mahali palipo karibu zaidi na ikweta kuliko mikarafuu yetu. Jibu ni urefu, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huzidi kupoa kadiri mtu anavyopanda. Mama ndiye aliyelijibu swali hilo, na hakuna jambo jengine la skuli alilotusimulia mara nyingi kama hilo. Mwaka uliofuata aliachishwa masomo, akaolewa. Mpaka leo hasemi Kilimanjaro, husema Kibo, kama mwalimu wake alivyokiita kile kilele chenye weupe.

Haraka niliyonayo mimi inatokana na weupe huo huo. Wataalamu waliolinganisha vipimo wanasema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo juu ya Kibo mwaka 1912 imeshapotea, na kinachobaki kinaendelea kupungua. Mama naye magoti yake si yale ya zamani. Nimekaa na mambo haya mawili kwa muda mrefu, na msimu huu, baada ya karafuu zetu kupimwa na kulipwa, nikatenga laki nane na kusema kwamba safari ni mwaka huu au itabaki maneno.

Kwa mtu wa Pemba anayetazama ramani, njia ya mkato ya Moshi ni kuvukia Tanga. Lakini Mama ana dada yake Magomeni, Dar es Salaam, na ni aibu kupita bara bila ya kumjulia hali. Tena jiji lenyewe Mama hajapata kulikanyaga. Kwa hiyo nilipanga tutoke Mkoani kwa boti mpaka Unguja, tuvuke mpaka Dar, na tulale kwa mama mkubwa, ambapo gharama yetu itakuwa ni zawadi tu ya halua na karafuu kidogo. Kutoka bandarini tutatembea mpaka Kivukoni tupande mwendokasi, yale mabasi yaliyoanza mwaka 2016, ambayo yana njia yao katika Barabara ya Morogoro na yatatushusha Magomeni kwenyewe bila ya teksi. Siku moja ya jijini itatosha: asubuhi Makumbusho ya Taifa, kisha Kariakoo, kwa sababu Mama hatanisamehe tukirudi bila ya kanga za wajukuu. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi, mbele ya Kimara, katika barabara ile ile, na hilo nalo linatuokolea fedha.

Nilitamani sana treni. Njia ya Moshi ilirudi kubeba abiria mwaka 2019 baada ya kulala kwa zaidi ya miaka 20, na Mama hajawahi kupanda treni maishani mwake. Lakini treni si ya kila siku, nayo hulala njiani, maana yake milima ya Usambara na ya Upare yote ingetupita gizani. Basi la alfajiri ni kutwa nzima ya kukaa, kilomita 500 na zaidi, na kutwa hiyo kuna mengi ya kutazama: Chalinze, Segera, mashamba ya mkonge ya Korogwe, Mombo, kisha ukavu wa Same. Nimeshaamua tutakata viti vya upande wa kulia, kwa kuwa Usambara na Upare ziko mkono huo, na Kilimanjaro yenyewe, ukishapita Himo kuelekea Moshi, iko mkono huo huo.

Mwezi nao ulinisumbua. Likizo yetu huanza Desemba, lakini Desemba ndiyo Wachaga wanaporudi kwao kula sikukuu, na hapo nauli, viti na vyumba vyote huwa havikamatiki. Nikachagua Januari mwanzoni, kabla skuli hazijafunguliwa, wakati wanaposhuka wao na sisi tunapanda. Kwenda itakuwa rahisi na kurudi ndiyo kazi, kwa hiyo tiketi ya kurudi lazima ikatwe mapema sana. Januari ina faida nyengine pia, kwamba mvua za vuli huwa zimekwisha na mbingu ya Moshi huwa safi zaidi.

Hayo yote nilimsomea Mama, akanijibu kwa sentensi moja.

Jumatatu niliitafsiri sentensi ile kuwa ni fedha. Nikadhani elfu thelathini ya kulala imemkata, kwani Mama ni mtu wa kuhesabu mabati ya paa kabla ya kuhesabu starehe, nami nikakaa na kalamu kutafuta gesti ya chini ya hapo. Jumanne nikasema ni bahari. Hapa kwetu hakuna nyumba ambayo haikuguswa na ile meli iliyozama Nungwi Septemba 2011, na Mama tangu siku ile huvuka kwa dharura tu, akisoma nyiradi kutoka nanga inapong'olewa mpaka inapotiwa. Nilitaka kumuuliza, nikaona nitamlazimisha kukitaja kitu ambacho hataki kukitaja. Jumatano nikaja na fikra iliyoniuma zaidi ya zote, kwamba hamu yenyewe imeshakufa, kwamba miaka mingi ya kungoja imemfanya aone inatosha mtu mwengine akautazame mlima kwa niaba yake, na kwamba mimi nimekuja na laki zangu nane baada ya wakati. Nikairudia tena: hakuinua uso, aliuliza bei ya kulala, akanyamaza, akasema nenda wewe. Niliirudia darasani, wanafunzi wakifanya zoezi, mpaka kengele ikanigutusha.

Ijumaa baada ya sala alikuja kijana wa jirani, ambaye alifanya kazi kwa misimu kadhaa huko bara akiwabebea wageni mizigo mlimani. Nilikuwa ndani natia maji mtungini, nikamsikia Mama anamuuliza kwa sauti ya chini, "Ati wewe, mtu mwenye magoti mabovu kama yangu huko mlimani humfanyaje, humbeba?"

"Kwani Bibi unakwenda kupanda?"

"Si ndiko kutazama kwenyewe?"

"Kibo hukiona hapo hapo mjini, Bibi, ukishuka tu kwenye basi, mawingu yakiwa hayapo. Hulipi hata senti."

Niliuacha mtungi nikatoka. Mama aliinua uso, akanitazama mimi na si yule kijana. "Kumbe huonekana mtu amekaa?"

Nikamjibu, "Huonekana mtu amekaa, Mama, na kikombe cha kahawa mkononi."

"Basi nikatie na mimi tiketi," akasema, na akacheka mpaka akashika mbavu.

Swali lake la Jumapili, kumbe, lilikuwa la kulala mlimani. Kwa miaka yote aliyousikia Kibo ukitajwa, alisikia habari za wapandaji: ada ya hifadhi ya kila siku, waongozaji ambao sheria inawataka, wapagazi, siku tano au sita za kupanda na kushuka. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mlima wa wasiopanda, na kwamba wenyeji wengi wa Moshi huuona kila asubuhi wakifungua duka. Usiku ule nilimsimulia habari ya Johannes Rebmann, mmishonari aliyetoka upande wa Mombasa mwaka 1848 akaiona theluji ile, na alipoiandikia Ulaya wako wasomi waliomkatalia, wakisema haiwezekani karibu na ikweta. Naye hakufika kileleni. Waliofika na kuandikwa, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walikuja mwaka 1889, zaidi ya miaka 40 baadaye. Mama alifurahi sana. Akasema huyo wa kwanza alitazama kama atakavyotazama yeye, na hao wasomi wangemuuliza mwalimu wake wa Wete.

Sasa hofu imenihamia mimi. Mlima ule hujifunika, na wenyeji wanasema saa zake ni alfajiri na jioni, kwani mchana mawingu hupanda yakaufunika wote. Na ziko siku ambazo haufunguki kabisa. Kwa hesabu ya kwanza tungelala Moshi siku mbili. Nimeziongeza zikawa tatu, na ili fedha zitoshe nimeacha koti nililokuwa nataka kujinunulia Kariakoo na nimeamua chakula cha njiani tutakipika sisi, kwani mkate wa kumimina hauharibiki kwa kutwa moja. Siku ya katikati tutapanda gari ya abiria mpaka Marangu, tukayaone maporomoko ya Kinukamori na ile migomba iliyochanganywa na kahawa. Hilo la kahawa Mama ana hamu nalo kweli, kwa sababu nimemwambia kwamba wakulima wa kule wana chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na mtu aliyekulia kwenye karafuu ana maswali mengi ya kuwauliza kuhusu bei. Ameshaazima sweta mbili kwa watu wawili tofauti. Kila anayepita barazani huambiwa upande wa kulia wa basi.

Lililobaki linalonikosesha raha halihusiani na safari. Yule mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mwenye akili sana ya hesabu, hajatokea skuli wiki nzima, na wenzake wanasema yuko mashambani anachuma. Mvua za vuli zimeanza, matawi ya mikarafuu yanateleza, kila msimu tunapokea habari za mtoto aliyeanguka, na mtihani wao wa taifa umekaribia. Nimempigia simu baba yake jioni hii mara baada ya Magharibi, na tena baada ya Isha, na haikupokelewa.