Mitumbwi na wageni wa kasia
Nimetoka kuwapeleka kwenye safari ya mitumbwi na kambi marafiki ambao hawakuwahi kushika kasia, na nashukuru tulichagua ziwa dogo lenye ghuba nyingi. Mto ukishakuchukua, kurudi ni kazi, tena lazima upange usafiri wa kukurudisha ulikoacha gari. Ziwani, hali ikibadilika, unageuza mtumbwi.

Nilipanga kilomita 10 tu kwa siku, tukiambaa na ufuo bila kukata katikati. Wapo wanaoona hiyo ni kidogo mno. Mimi naona yatosha kabisa: mgeni akikutana na upepo wa mbisho wa alasiri, yaani unaomvumia usoni, mawimbi yakigonga omo (sehemu ya mbele ya mtumbwi), hata kilomita 2 humlemea. Tuliondoka alfajiri, na saa nane mchana hema zilishasimama.

Kambi naichagua kwa kutazama juu kwanza. Nikiona mti mkavu au tawi linaloning'inia, nahama. Kisha natafuta ufuo wa mchanga, mtu ashuke bila kuyumba, na mahali palipoinuka kidogo, kama mita 60 kutoka majini. Jaketi za kuokolea maisha hazikuvuliwa hadi wote walipofika nchi kavu.

Sasa wanataka njia ya kubeba mitumbwi mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Ramani nimeshaitandaza!