Fred Colvin, mhariri aliyetoka karakana

Nimemaliza kusoma habari za Fred Colvin na bado nina furaha nazo. Sisi wakereza vyuma tunamjua kwa American Machinists' Handbook, kitabu alichotunga na Frank Stanley mwaka 1908. Kwenye nakala ya karakana yetu, kurasa za vipimo vya hesi (mikato ya kuzunguka kama ya skrubu) zimejaa alama za vidole vya grisi, kwani kila anayetaka kutoboa kabla ya kupitisha tepu, kifaa cha kukata hesi ndani ya tundu, hukimbilia huko.

Colvin alianza kama mwanagenzi wa ufundi mitambo huko Marekani, miaka ya 1880. Mwaka 1907 akaingia jarida la American Machinist. Mwaka 1913 akaandika makala mfululizo kuhusu kiwanda cha Ford cha Highland Park: mashine zilivyopangwa kwa kufuata hatua za kazi, vifaa vilivyobanwa vipi, kila hatua inafanywaje. Mwaka huohuo magari yakaanza kuunganishwa yakiwa yanasogea, kwa hiyo makala zake zimetuhifadhia sura ya kiwanda kabla tu ya mageuzi hayo. Wanahistoria wanazitumia mpaka leo.

Nampendea jicho lake. Asiyewahi kushika mashine angesifia ukubwa wa jengo; yeye alitazama kazi yenyewe inavyofanyika. Natamani vijana wetu wa vyuo vya ufundi vya VETA waandike hivyo kuhusu karakana za hapa kwetu.