Opportunity haikusema "betri inaisha", ilituma namba

Naona watu wameanza tena kushea ule ujumbe wa roboti ya Mirihi, Opportunity, eti "betri yangu iko chini na giza linaingia", na emoji za kulia juu yake. Jamani, haikuandika hivyo! Hayo ni maneno ya mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuwa anafupisha alichoambiwa na wanasayansi. Kilichofika duniani tarehe 10 Juni 2018, dhoruba kubwa ya vumbi ikiwa imeikumba Mirihi, ni data, na humo kuna namba ambayo mi naona inatisha kuliko hayo maneno: 10.8.

Hiyo inaitwa tau, ndo kipimo cha vumbi hewani. Na wala hawakamati vumbi lenyewe, wanapiga jua picha. Kamera inavalishwa kichungi kizito, inaelekezwa kwenye jua, afu wanalinganisha mwanga uliofika chini na ule unaojulikana upo juu ya angahewa, na jua likiwa karibu na upeo wanapiga hesabu ya ziada maana mwanga unapita hewa nyingi zaidi. Basi, kilichopungua kimezuiwa njiani, na Mirihi mzuiaji mkuu ni vumbi.

Sasa tau ikiwa 1, mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua unabaki kama asilimia 37, ikiwa 2 inabaki asilimia 37 ya hiyo hiyo 37, yaani haishuki pole pole, inaporomoka. Kwenye 10.8 inabaki kama sehemu moja kati ya 49,000. Sawa, kuna mwanga mwingine unaozagaa kupitia vumbi, ila haukutosha, sola zilikuwa zinatoa kama watt-saa 22 tu kwa siku. Dhoruba ya 2007 tau ilifika kama 5.5 na roboti ikapona, hii ya 2018 hapana, Februari 2019 NASA wakafunga misheni. Roboti iliyotarajiwa kudumu siku 90 za Mirihi, ikadunda zaidi ya miaka 14!

Curiosity yenyewe, roboti nyingine ya NASA iliyoko Mirihi kwenye shimo kubwa liitwalo kreta ya Gale, ilipima zaidi ya 8 kwenye dhoruba hiyo hiyo na ikaendelea na kazi, umeme wake ni wa plutoniamu, haina shida na jua. Ila tau haikwambii vumbi lililotua juu ya paneli, na hilo ndo lililoimaliza InSight, mashine nyingine ya NASA kule Mirihi iliyotegemea sola, Desemba 2022, hata bila dhoruba kubwa kama ile.