Hit na strike, zote "kupiga" ila usizichanganye

Vijana ninaowafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Uyole, Mbeya, wananisumbua sana na hili, ticha, hit ni kupiga, strike nayo ni kupiga, sasa si wangechagua moja tu tukapumzika? Nawaambia nyie mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga deki, mnapiga mswaki na hakuna anayeumia, mbona hamjawahi kulalamika.

Hit ndo ya mtaani. Bodaboda imemgonga mtu Mwanjelwa, hit. Mpira umegonga mwamba, hit. Ilifika Uingereza na Wavikingi, wale mabaharia wa zamani wa kaskazini mwa Ulaya, na kwao ilimaanisha kukuta kitu, kukutana nacho, ndo maana mpaka leo ina harufu ya kufika na kulenga shabaha, hata wimbo ukikamata kila daladala unaitwa hit. Na haina usumbufu, leo hit, jana hit, ishapita hit.

Strike sasa ndo yenye mambo. Radi ikipiga (na huku kwetu masika tunazijua), strike. Saa ya ukutani ikigonga, strike. Ukiwasha kiberiti, ule mkwaruzo wa njiti ubavuni mwa boksi ni strike na hapo hit haiingii kabisa, maana zamani za kale strike ilikuwa ni kupitisha kitu juu ya kitu, kupangusa, wala haikuwa na ugomvi. Halafu mchimbaji wa Chunya akikutana na dhahabu nayo ni strike, wakati mwenye asili ya kukuta ni hit! Kiingereza bwana.

Mgomo je? Bajaji zikigoma hapo Kabwe watu mnatembea kwa miguu, hiyo ni strike, lakini hajapigwa mtu. Mwaka 1768 mabaharia wa London walidai mishahara, wakashusha matanga ili meli zisitoke, na kushusha tanga kwa lugha yao ilikuwa strike, basi jina likabaki hukohuko kwenye kugoma.

Kinachonichekesha kuliko vyote ni besiboli ya Wamarekani. Jamaa anazungusha gongo, anakosa mpira, wanaita strike, akifikisha tatu anatoka nje. Akiupiga vizuri akafika kituo cha kwanza salama, hiyo ndo hit. Yani maneno mawili ya kupiga, moja ni kupata na lingine ni kukosa, uwanja mmoja. Ukienda kwenye bowling, ule mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini, inageuka tena, strike ni kuangusha pini zote 10 kwa mpira wa kwanza.

Na kwenye soka letu mshambuliaji ni striker, mfanyakazi aliyegoma naye ni striker. Kuna mastraika nimewaona pale uwanja wa Sokoine dakika 90 zote sikujua ni yupi kati ya hao wawili.